Uzi: Mayai 48 kwenye kuvezi, vifaranga 3 tu. Nisaidieni kabla sijarudia

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Habari zenu wafugaji. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya, leo imebidi nifungue mdomo.

Nilinunua kuvezi (mashine ya kutotolesha vifaranga) ya plastiki ya mayai 48, ile yenye kifuniko cha kuonea ndani na sahani inayogeuza mayai yenyewe. Nikaiweka sebuleni, nikafuata karatasi yake: joto 37.8, maji kwenye mifereji yote miwili, mayai mpaka ijae. Wanafunzi wangu wa darasa la tano walikuwa wanahesabu siku ubaoni. Siku ya 21 ikafika, kimya. Binti yangu alitandika mkeka kando ya mashine ili awe wa kwanza kusikia mlio. Siku ya 22 jioni akatoka mmoja. Siku ya 23 wawili. Basi. Watatu, na mmoja wao miguu imetanuka pembeni kama anayetaka kuogelea.

Yale 45 yaliyobaki niliyapasua nyuma ya nyumba moja moja, kalamu mkononi. Hesabu yake hii: 30 hayakuwa na kitu, ute na kiini tu. Manne yalikuwa na duara la damu. Tisa yalikuwa na kifaranga kamili, manyoya na kucha, amefia ndani, amelowa chepechepe. Mawili yaliniripukia, na mke wangu bado hajanisamehe lile shati.

Mayai 18 yalitoka kwa shangazi yangu anayefuga kuku wa kienyeji huko Mugunga. Yale 30 mengine ni plato moja niliyonunua dukani, nisiache nafasi tupu kwenye mashine.

Nilikosea wapi?

Kijana_Birere (Goma)

Plato ya dukani, Mwalimu? Hayo 30 ulikuwa unayapasha moto tu. Ulisahau chumvi.

MamaKadutu (Bukavu)

Wewe mtoto wa Birere usimcheke mwalimu, wengi tumepita hapo hapo.

Mwalimu mwanangu, mayai ya plato mengi yanayouzwa huku kwetu, yawe ya Rwanda au ya Uganda, yametagwa na kuku wa mayai wanaofungiwa peke yao. Jogoo hawamjui. Kuku hana haja ya jogoo ili atage, ana haja naye ili yai liwe na mtoto. Kwa hiyo yale 30 hayakuharibika, hayakuanza kabisa. Yatoe kwenye hesabu. Wewe umepata 3 kwa 18, hapo ndipo tunaanza kulia.

Sasa hayo 18 ya shangazi niambie. Ana jogoo wangapi kwa kuku wangapi? Jogoo mmoja anatosha majike 8 mpaka 10, akipewa 20 anachoka na mayai mengi yanatoka matupu. Na aliyakusanya kwa siku ngapi? Yai likipita siku 7 nguvu yake inashuka kila siku, likifika wiki mbili ni bahati nasibu. Mimi nayaweka kwenye kikapu chumba cha nyuma, sakafu ya simenti, mahali pa baridi lakini si kwenye frigo, ncha nyembamba ikiangalia chini. Siyaoshi. Yai lina utando wake wa juu unaozuia uchafu, ukilisugua na maji umefungua mlango. Lenye mavi nalipeleka jikoni.

Na kabla sijaliweka chini ya kuku nayachukua mawili, nayagonganisha taratibu karibu na sikio. Yai zima linalia kama kigae. Lenye ufa linalia kama limefungwa kitambaa, hata kama ufa wenyewe huuoni.

Mimi lakini kuvezi yangu ina manyoya na haijui umeme kukatika. Mayai 12 chini yake, nachukua vifaranga 10. Nasema tu.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Aksanti sana Mama. Shangazi ana jogoo wawili na majike kumi na kitu, hapo nadhani tuko sawa. Ila siku… nimempigia sasa hivi. Anasema mengine yalikuwa yamekaa "tangu mwezi uliopita, ulisema unataka mengi." Duh.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bandugu bote. Mie kazi yangu ni kutengeneza frigo na redio, na kuvezi njo zinanilishaka siku hizi. Mama amemaliza habari ya mayai, siongezi. Swali langu ni moja, mukubwa: hiyo 37.8, nani alikuambia iko 37.8?

Namba ya kwenye kioo ni maneno ya mashine yenyewe, na mashine haijitolei ushahidi. Zinazoletwa kwangu nyingi zinadanganya, moja kwa nusu digri, ingine kwa digri mbili nzima. Nusu digri yai linavumilia. Digri moja na kitu, siku 21 mfululizo, hapana.

Ushahidi uko kwenye hadithi yako mwenyewe. Joto likizidi, vifaranga wanatoka mapema, siku ya 19 ao 20, wadogo, kitovu hakijafunga vizuri. Likipunguka wanachelewa, wengi wanafia ndani, na wachache wanaotoka ni wazito, miguu haina nguvu. Wako wametoka siku ya 22 na ya 23. Mie naweka bia moja hapa: ndani ya mashine yako ni baridi kuliko inavyoandika.

Namna ya kupima. Kuna watu watakuambia chemsha maji, tumbukiza, iandike 100. Huko kwenu usijaribu! Goma iko juu, mita kama 1,500, maji yanachemka kwenye digri 95 hivi. Utasahihisha mashine iliyokuwa nzima mpaka uiharibu. Hata huku kwetu Lubumbashi, mita 1,200 na kidogo, hayafiki 100. Barafu njo haibadiliki kwa mlima: ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo tu, koroga, ngoja dakika chache, iandike 0. Lakini 0 iko mbali na kazi yetu, mashine inaweza kusema kweli kwenye 0 na kudanganya kwenye 38.

Kwa hiyo azima termometa ya homa. Ile imetengenezwa kusema kweli kati ya 35 na 42, mahali penyewe pa yai. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, toa kile kichwa cha chuma cha kuvezi chenye waya, tumbukiza vyote viwili pamoja ncha zikikaribiana, koroga, soma. Usipime hewa ya ndani kwa termometa ya homa, haijazoea hewa, itakuzungusha.

Na kama kuvezi ina feni, 37.5 mpaka 37.8 popote ndani. Kama haina feni, joto linapanda juu, kwa hiyo pima usawa wa mgongo wa mayai, hapo utafute 38.5 mpaka 39. Watu wengi wanawekaka termometa pembeni, karibu na ampuli (balbu), halafu wanashangaa.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Fundi, bia yako umeshinda.

Jirani yangu ni muuguzi, nimeazima termometa yake (nimemwambia ni ya mayai, amenitazama kwa muda). Kikombe cha chai, maji ya uvuguvugu, vyote viwili ndani. Kioo cha kuvezi: 38.0. Termometa ya homa: 36.7. Nimerudia mara tatu, tofauti ni ile ile. Ina maana nilipokuwa naona 37.8, mayai ya shangazi yalikuwa kwenye 36.5. Kwa siku 21!

Sasa niandike 39.1 ili nipate 37.8?

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Hapana, hiyo utaisahau siku moja. Shikilia kitufe cha kuweka joto sekunde kadhaa mpaka menyu ya ndani ifunguke. Nyingi zina mahali pa kusahihisha, unapunguza 1.3, kioo kinaanza kusema kweli. Kama yako haina, bandika karatasi juu ya kifuniko: ANDIKA 39. Kwa herufi kubwa, mama wa nyumba asije akaishusha akidhani umekosea.

Yaya_Himbi (Goma)

Kaka Mwalimu, hao tisa waliofia ndani wakiwa wamelowa si joto peke yake. Umesema ulijaza maji mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza?

Yai linatakiwa kukauka kidogo. Si kosa, ndiyo kazi yake. Kuanzia siku ya kwanza mpaka ya 18 lipoteze kama 12 kwa mia ya uzito wake, maji yatoke kupitia matundu ya ganda, na mahali pa maji hayo paingie hewa. Ile nafasi tupu upande mpana, unayoiona ukichemsha yai, ndiyo chumba ambacho kifaranga atavutia pumzi yake ya kwanza kabla ya kutoboa ganda. Ukimfungia unyevu mwingi siku zote, chumba kinabaki kidogo kama sarafu, na akifika wakati wa kuvuta pumzi anavuta maji. Anazama ndani ya ganda lake, siku moja kabla ya kutoka. Mimi nilipoteza hivyo mara mbili nzima.

Watu huku Goma wana mawazo mawili na yote yananiudhi. Wa kwanza anasema "hewa yetu ni ya ziwa, ina maji tayari, usiweke hata tone." Wa pili anajaza kila mfereji. Fanyeni hesabu. Hewa ya chumba yenye digri 20 na unyevu 80 kwa mia, ukiipasha mpaka 37.5 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka mpaka kama 30 kwa mia, kwa sababu hewa ya moto ina tumbo kubwa. Kwa hiyo maji yanahitajika, ila kidogo. Mfereji mmoja tu, siku 18 za kwanza, utafute 45 mpaka 50. Siku tatu za mwisho ndiyo unajaza yote, ufike 65 mpaka 70, ili utando wa ndani usikauke ukamnasa.

Kipima unyevu nacho kinadanganya. Chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, maji matone machache iwe kama uji mzito, funga pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, usiku mzima. Asubuhi kiandike 75. Changu kiliandika 66.

Na kama huna kipimo kabisa, nenda kwenye mizani ya duka, upime mayai yanapoteza uzito kiasi gani.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Yaya ameandika kitu kikubwa. Niongeze: huku kwetu mwezi wa tisa hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Mtu wa Lubumbashi akifuata "mfereji mmoja" wa Goma atapata vifaranga waliokaukia ndani kama samaki wa chumvi. Karatasi ya mashine iliandikwa mbali na Goma na Lubumbashi yote mbili. Mizani njo haina mji.

Kijana_Birere (Goma)

Nyie mnaongea kama umeme unawaka saa 24. Kwangu ukikatika naingiza mbabula (jiko) ya makala chumbani, nafunga mlango, chumba kinakuwa kama Kinshasa. Mayai hayana shida.

MamaKadutu (Bukavu)

Weeee! Na wewe unalala wapi?

Kijana_Birere (Goma)

Humo humo, Mama. Chumba ni kimoja.

MamaKadutu (Bukavu)

Mwanangu, toa hiyo mbabula leo. Si kesho. Moshi wa makala ule usioonekana unaua mtu akiwa usingizini, hakohoi hata. Huku Bukavu tumezika familia kwa sababu ya mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa mvua. Kwa ajili ya mayai?

Yaya_Himbi (Goma)

Naunga mkono kwa mikono miwili. Na yai lenyewe linapumua, ganda ni pua. Kadiri kifaranga anavyokua anataka hewa safi zaidi, zile tundu za kuvezi si mapambo. Siku za mwisho zifungueni zote.

Hapa niongeze jambo la watu wa Goma, wengine mnaweza kuruka. Mnajua mazuku. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mabondeni na kwenye mashimo, upande wa Kyeshero na Bulengo hasa, asubuhi kabla ya upepo unakuta mbuzi amelala hajaamka. Ndiyo hewa ile ile kifaranga anayotoa ndani ya yai, ikizidi humfisha. Kama nyumba yako iko sehemu hizo usiweke kuvezi sakafuni wala kwenye chumba cha chini. Meza, tena yenye miguu mirefu. Na wewe mwenyewe kitanda kiwe na miguu.

Kijana_Birere (Goma)

Sawa, nimetoa mbabula. Sasa umeme ukikatika nifanye nini? Nikae nayapulizia?

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Usifungue kifuniko, hilo la kwanza. Watu wakiona giza wanafungua "kuangalia", joto lote linakimbia. Funika mashine na mablanketi mawili, acha tundu moja wazi. Chupa za maji ya moto, si ya kuchemka, zizungushie kwa nje kati ya mashine na blanketi, badilisha kila baada ya saa mbili tatu.

Na elewa kitu hiki: baridi inachelewesha, moto unaua. Kuku mwenyewe anashukaka kwenye kiota kila siku kula na kunya, mayai yanapoa, anarudi. Yai likishuka mpaka 27 usiku mmoja, mara nyingi linaendelea, unasogeza tu siku ya kutoka. Lakini 40 na zaidi kwa saa chache unaweza kupoteza yote. Ukipata hofu ukaweka chupa za moto ndani, umechinja.

Mie nimeacha umeme wa nyumba kabisa. Boksi la frigoliti (lile povu jeupe la kufungashia), termostati ndogo ya W1209 ya volti 12 ya kuwasha na kuzima joto, ampuli mbili za gari za wati 21, feni ya kompyuta mbovu, batri ya ampea 100 na panno moja ya umeme wa jua juu ya bati. Ampuli zinawaka kama nusu ya muda, batri inalala usiku mzima na bado ina nguvu. Ampuli ziwe mbili kwa makusudi: moja ikiungua saa nane za usiku, ya pili inashikilia mpaka uamke.

Yaya_Himbi (Goma)

Hii ya baridi naiamini kwa macho yangu. Mwaka 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame. Nilikuwa na mayai 36 kwenye kuvezi, siku ya 16. Niliyaacha, tukachukua barabara ya Sake kwa miguu na mizigo kichwani. Mama yangu yeye alikuwa na kuku anayelalia. Akamtia kwenye kikapu pamoja na mayai yake 9, akafunga kitenge juu, akabeba. Nilimgombeza njia nzima, magodoro tumeacha wewe unabeba kuku. Kuku hakusimama mpaka Sake, aling'ang'ania kikapuni amekasirika. Vifaranga saba walitokea pale kwenye uwanja wa shule tulikolala, kati ya watu. Watoto waliacha kulia siku ile.

Yangu 36 niliyakuta baada ya wiki mbili. Harufu nilianza kuisikia getini.

MamaKadutu (Bukavu)

Kuvezi yenye manyoya. Nilisema.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Nimesoma yote mara mbili. Naanza tena, nitaandika hapa kila hatua ili mnirudi.

Mashine nimeiosha na javeli (dawa ya kung'arisha nguo) na maji, nimeikausha juani siku nzima, nimeiwasha tupu saa 24. Imeshika 37.7 ya kweli. Mayai 24 tu, yote ya shangazi, hakuna lililopita siku 5, kila moja lina tarehe ya kalamu ya risasi. Yamepumzika usiku mzima kwa sababu yalikuja na chukudu (kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo) kutoka Mugunga na ile barabara mnaijua. Ncha nyembamba chini. Mayai matano nimeyatia alama na kuyapima pamoja kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 230.

Leo ni siku ya 0, saa mbili za usiku. Mfereji mmoja.

Kijana_Birere (Goma)

Na plato?

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Plato tumekula.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Siku ya 7. Nimemulika. Sikununua taa, nimechukua kile kigogo cha karatasi ya chooni, nimekibandika juu ya tochi ya simu, taa ya chumba nimezima. Yai la kwanza nililoinua nilimwita mke wangu. Mishipa myekundu imetandaa kama mizizi, na katikati doa jeusi linaruka. Linaruka! Binti yangu ameuliza kama linatuona.

Hesabu: 20 yana mishipa. 2 yako wazi kabisa. 2 yana duara la damu. Hayo manne nimeyatoa, sitaki mabomu tena. Yale matano ya alama: gramu 220.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

230 mpaka 220 kwa siku 7, uko kwenye njia. Siku ya 18 utafute kama 202, 203. Duara la damu maana yake mtoto alianza akafa siku za kwanza, mara nyingi ni yai la zamani ao kutikisika. Mawili kwa 24 si kitu.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Siku ya 11. Umeme umekatika saa tatu za usiku, umerudi saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa nzima. Mablanketi mawili, chupa nne za maji, nimeamka mara tatu. Sikufungua. Sahani haikugeuka, kwa hiyo nimeinamisha mashine yote kwa mkono, upande huu, halafu ule, kama ninambembeleza mtoto. Asubuhi kipimo kilisema 27.4. Nimeenda shule macho mekundu, wanafunzi wakaniuliza nani amefariki.

MamaKadutu (Bukavu)

Pole mwalimu. Mulika kesho kutwa, usimulike leo kwa woga.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Siku ya 14. 19 hai, 1 limeacha kukua. Ndani ni giza sasa, panaonekana chumba cha hewa tu na kitu kinachosukuma. Matano ya alama: gramu 210.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Siku ya 18. Gramu 204. Nimetoa sahani ya kugeuza, nimetandika kitambaa chakavu cha taulo chini badala ya gazeti, Yaya aliniambia pembeni kwamba gazeti linateleza na ndilo lililomtanua miguu yule wa kwanza. (Huyo, kwa wanaouliza, nilimfunga miguu kwa plasta, nafasi ya kidole kimoja kati, siku tatu. Anakimbia.) Mifereji yote nimejaza, unyevu 68. Tundu zote wazi. Sasa nafunga na sifungui tena.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Siku ya 20, saa nne za usiku. Kuna sauti. Yai halijapasuka lakini linalia, nimeweka sikio kwenye kifuniko. Binti amerudi kwenye mkeka wake.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Siku ya 21. Kumi na wawili mpaka mchana! Wa kwanza ametoboa usiku wa jana, akapumzika saa nyingi tukidhani amekufa, halafu kwa dakika ishirini akazunguka akikata ganda kama mtu anayefungua kopo la nyanya, akasukuma. Analala amelowa, mbaya kama panya, baada ya saa mbili ni pamba.

Wale wa kwanza nao wana njaa, niwatoe?

MamaKadutu (Bukavu)

Hawana njaa. Kiini kilichobaki kimeingia tumboni mwao kabla ya kutoka, wanaweza kukaa siku mbili bila kula. Waache wakauke humo. Ukifungua sasa unawakausha walio ndani ya maganda.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Mama, naomba usinigombeze. Saa kumi na mbili jioni: 16 wametoka. Mmoja alitoboa usiku wa jana, tundu limebaki lile lile, utando umekuwa wa kahawia, mkavu kama karatasi, na analia. Mawili mengine kimya.

MamaKadutu (Bukavu)

Umefungua mara ngapi?

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Mara nne. Wanafunzi walikuja kuona.

MamaKadutu (Bukavu)

Mwalimu.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Utando ukiwa mweupe na laini, muache, bado anafunga mishipa yake. Ukiwa wa kahawia na mkavu, amenaswa, hapo unaweza kumsaidia. Nawa mikono. Kitambaa na maji ya uvuguvugu, lowesha ukingo wa tundu tu, mbali na pua. Vunja ganda kidogo kidogo kwa kucha kuzunguka upande mpana. Ukiona damu hata tone moja, simama, mrudishe, ngoja saa kadhaa. Usimtoe. Mfungulie mlango tu, kutoka atoke mwenyewe.

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Saa mbili na robo: nimelowesha, nimevunja nusu ya duara. Hakuna damu. Nimemrudisha.

Saa nane za usiku: ametoka. Mdogo, kipande cha ganda kimeshika mgongoni, nimekiacha.

Jumla 17 kwa mayai 24. Mawili ya mwisho nimeyamulika asubuhi, hayana mwendo.

Wako kwenye kartoni, ampuli juu, chini ya ampuli termometa inasema 34. Wakikusanyika nashusha ampuli, wakikimbilia pembeni naipandisha. Nimeambiwa kila wiki nipunguze digri tatu hivi.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Hongera mukubwa! Ile termometa ya homa umerudisha?

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Muuguzi alikuja kuigongea mlango mwenyewe usiku wa jana, mtoto wake ana homa. Niliitoa kwenye kartoni nikiona aibu, nikaipangusa na sabuni mbele yake. Leo mtoto amepoa, wamekuja wote wawili, nikamwambia mtoto achague vifaranga wawili awe nao wakikua. Wa pili aliyemchagua ni yule mwenye ganda mgongoni.

Mimi nimebaki na 15, na wale 3 wa kwanza. Chanjo ya Newcastle (kideri) naanza lini?

MamaKadutu (Bukavu)

Siku ya 7, tone moja jichoni. Chupa yake ibebe kwenye barafu kutoka kwa daktari wa mifugo mpaka nyumbani, si mfukoni. Mengine fungua uzi mwingine, huu simu yangu inashindwa kuufungua.